Uji Usio na Ngano

Binti yetu alikuwa na miaka minne na uzito wa mtoto wa miaka miwili. Miguu yake ilikuwa myembamba, tumbo limetangulia mbele, na nywele zimepoteza weusi wake. Kwa zaidi ya mwaka mzima tulimtibu minyoo, tukamtibu malaria, kisha tukamtibu minyoo tena. Majirani zetu wa mtaa wa Chuno walikuwa na maelezo yao, na mengine hawakuyasema mbele yetu. Alikuwa akiharisha mara nne au tano kwa siku, na kila alichokula kilipita tu mwilini mwake kama mgeni asiyelala.

Daktari aliyefikia jawabu alikuwa mtu wa nje. Kiswahili chake alikisoma kitabuni, na alikisema polepole, kila neno peke yake. Alimlaza mtoto kitandani, akambonyeza tumbo, akatuuliza anakula nini tangu asubuhi hadi jioni. Mimi ni mtu wa kuandika mambo, kwa hiyo nilimtajia kwa mpangilio: asubuhi chai na mkate, saa nne maandazi, mchana ugali au wali, jioni chapati zikiwepo. Akaweka kalamu chini.

"Ngano," alisema. "Tumbo lake halitaki ngano. Asipewe ngano yoyote. Hata moja."

Mahindi sawa, mchele sawa, mtama na muhogo sawa. Alitupa wiki sita. Tukirudi atapimwa, uzito ukipanda, basi ni ngano. "Usipopanda, nimekosea mimi. Atakwenda Dar es Salaam, wamfungue tumbo watazame ndani."

Mke wangu aliuliza kama mtoto wa uzito ule anaweza kufunguliwa tumbo. Daktari alimfunika mtoto shuka.

"Ndiyo maana nataka iwe ngano," alisema.

Nilikuwa karani wa shehena bandarini Mtwara. Mke wangu alikuwa mwalimu katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Madimba, na alikuja nyumbani Jumamosi kwa lori lolote lililopatikana, akarudi Jumatatu alfajiri. Siku ile ile, njiani kutoka hospitali, alisema mtoto aende naye. Kule hakuna ngano kabisa, alisema. Watu wanakula muhogo na mtama, na duka la kijiji lina chumvi na viberiti basi. Nikamwambia hospitali iko mjini, barabara ya kule ni mchanga mtupu, na mtoto akizidiwa usiku lori atalipata wapi? Tulibishana mpaka mlangoni, nami nikashinda.

"Basi kamweleze bibi wa shule vizuri," alisema.

"Nitamweleza."

Bibi huyo ndiye aliyekuwa akiangalia watoto katika shule ya vidudu ya mtaa wetu. Alikuwa mama wa Mikindani, mtu mzima, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Watoto wengine walichukuliwa saa sita. Wangu alibaki naye mpaka nitoke kazini. Jumatatu iliyofuata nilifika mlangoni pake king'ora cha bandari kikiwa kimeshalia mara ya kwanza. Sikuingia ndani. Nilimkabidhi mtoto na bakuli lake la uji, nikamwambia maneno ya daktari kama yalivyo: mtoto huyu anaumwa, daktari amekataza, asipewe ngano yoyote, hata moja.

"Hata moja?" aliuliza.

"Hata moja, bibi."

"Haya mwanangu. Daktari ndiye ajuaye."

Nikakimbia kazini. Jioni nikaandika katika daftari: bibi ameelezwa.

Ulikuwa mwezi wa sita, kipupwe kimeanza. Watu wa baridi ya kweli wangecheka, nami nimezaliwa Njombe, kwenye baridi ya kweli na mashamba ya ngano. Lakini asubuhi za Mtwara miezi ile zilitosha kumfanya mtoto asiye na nyama mwilini atetemeke hadi meno yagongane. Alihitaji kitu cha moto kabla ya kutoka, na chai tupu haikumfaa. Kwa hiyo uji. Na uji ule nilipaswa kuupika mimi, maana mama yake alikuwapo siku mbili tu kwa wiki.

Unga ndio ulionitia hofu. Miaka ile kulikuwa na upungufu, na unga mwingi mjini ulikuwa wa msaada. Mimi mwenyewe nilihesabu magunia yake yakishuka melini: ngano, mahindi, na mengine yaliyopasuka yakachanganyika sakafuni mwa ghala, yakazolewa pamoja. Mashine ya kusaga ya mtaani ilisaga kila kilicholetwa. Nilikwenda kuitazama, vumbi jeupe lilikuwa limeganda hadi kwenye pua za msagaji. Nikaamua kwamba hakuna kitu cha mtoto huyu kitakachopita pale. Mke wangu alileta mtama mweupe kutoka kijijini. Nikaazima kinu, nikauosha, nikauanika, nikanunua ungo mpya na mwiko mpya.

Uani kwetu tulikuwa nyumba nne, na mwanamume mwenye mchi hakuwa kitu cha kupita bila maneno.

"Jamani, njooni muone! Karani anatwanga!"

"Anaushika mchi kama kalamu."

"Karani, mwaka huu tutakucheza unyago. Utakubali?"

"Nitakubali," nikasema, "mkinifundisha kwanza kutwanga."

Wakacheka, lakini hakuna aliyenifundisha. Nadhani waliona haya, au waliona natania.

Kila siku saa kumi na moja alfajiri niliwasha jiko la mkaa. Unga wa mtama niliukoroga kwa maji baridi kwenye kibakuli mpaka usiwe na madonge, nikaumimina katika maji yanayochemka, nikakoroga bila kuacha mkono. Uji wa mtama ukiuacha kidogo tu unashika chini, na harufu ya kuungua haitoki. Chumvi chembe. Sukari ilikuwa ya kupanga foleni, kwa hiyo kijiko kimoja, siku nyingine nusu. Mtoto alikunywa kikombe kimoja mbele yangu huku amejifunga blanketi, kingine nikakitia katika bakuli lenye kifuniko cha kwenda nacho shule.

Wiki ya kwanza hakubadilika. Daktari alikuwa ametuonya kwamba huchukua muda. Wiki ya pili, vilevile. Nilianza kutafuta mahali ngano inapopenyea. Nikachoma mwiko wa zamani. Nikabadili sufuria. Nikawaza kwamba kinu nilichoazima huenda kiliwahi kutwangiwa ngano, nikaazima kingine Naliendele, nikakibeba begani mpaka nyumbani. Wiki ya tatu aliharisha zaidi. Nilipomvua nguo kumwogesha, mbavu zake zilihesabika bila kugusa.

Jioni moja nikiwa namkausha aliniuliza, "Baba, mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Kwa nini?"

"Bibi ananitoa nje."

Nilidhani nimeelewa. Mtoto anayeharisha ananuka, na wenzake watakuwa wamelalamika. Niliona aibu, yangu na yake. Nilimwambia akipona atarudi ndani, nikamvisha, nikamlaza. Mtu ambaye kazi yake ni kuuliza gunia limetoka wapi na linakwenda wapi hakumuuliza bibi swali hata moja, na hilo likapita wiki nzima.

Wiki ya nne ikafika. Jumatano yake winchi ya bandari iliharibika na tukaruhusiwa kuondoka kabla ya saa nne. Nilipita shuleni kumchukua. Nilimkuta amekaa peke yake kwenye ngazi ya nje, mgongo ukutani, kanga ya bibi mabegani. Kando yake bakuli langu limejaa, halijaguswa. Mkononi alikuwa na andazi. Lingine lilikuwa mapajani, limeshaumwa.

Sikumbuki kama nilimpokonya au nilimwomba. Nakumbuka alilia, na bibi akatoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo bandari imefungwa?"

"Mbona mtoto yuko nje?"

"Si amri yako?"

"Amri gani?"

"Ya daktari. Asipewe ngano yoyote, hata moja. Nami sijampa. Nikisema tu 'Paukwa!' kabla wenzie hawajaitikia 'Pakawa!', huyu nimeshamtoa, nimemkalisha hapa, nimemfunika. Wenzie wanasikia za sungura na fisi, yeye anaangalia kuku. Roho inaniuma, lakini nimeshika amri."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba anazungumzia hadithi. Kwetu Njombe ngano ni ile inayokatwa kwa mundu. Yeye alikuwa amekulia Mikindani, ambako wazee wake walipokaa jioni kuwasimulia watoto mambo ya majini na wanyama, walikuwa wakitoa ngano.

"Bibi," nikasema, "na haya maandazi?"

"Maandazi ni maandazi. Wenzie wanapewa moja moja, huyu nampa mawili. Kumtuliza, maskini. Anakosa mengi."

"Yametengenezwa kwa unga gani?"

"Unga wa msaada, unga gani mwingine upo?" Nikaona neno linamfikia. Alishika nguzo ya mlango. "Unga wa ngano," alisema. "Karani, ulikuwa unasema unga?"

"Nilikuwa nasema unga."

"Basi si useme unga! Unamwambia mtu mzima ngano, ngano, hata moja, nawe mguu juu unakimbilia king'ora! Nikasema labda mtoto anaota vibaya, anashtuka usiku, ndiyo maana daktari kakataza. Nikakata hata zile za kuchekesha!" Alikuwa akinifokea, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Umenifanya nimtese mtoto mara mbili."

Wiki nne, maandazi mawili kila siku. Zilibaki siku kumi na sita.

Ndani watoto walikuwa wameanza kugombana. Bibi akapiga kelele moja, wakatulia. Akachukua bakuli langu, akaonja uji kwa ncha ya kidole, akakunja uso.

"Na hii dawa gani?"

"Uji wa mtama."

"Mchungu. Mtoto anaumwaga, nami nilidhani ni ugonjwa. Umeukoboa?"

Sikuwa nimeukoboa. Nilikuwa natwanga mtama na ganda lake, kwa kudhani ndiyo nguvu ya chakula.

Kesho yake alfajiri alikuja uani kwetu, kanga mbili mwilini na ya tatu kichwani kwa baridi, akasimama juu yangu kama msimamizi wa gati. Mtama unanyunyizwa maji kidogo, unatwangwa kwanza polepole ili ganda litoke bila punje kuvunjika, unapepetwa. Ndipo unalowekwa usiku kucha, unamwagwa maji asubuhi, unatwangwa tena ungali na unyevu, na unga unakuwa laini wenyewe. Wa kupika siku ile alikuja nao kutoka kwake, umeshalowekwa. Aliongeza chenga za mchele wa bonde la Ruvuma, alizopewa na jamaa yake, akasema zitaupa uji ulaini. Uji ulipoiva, akaondoa sufuria motoni, akamimina tui zito la nazi, akakoroga mara tatu na kufunika.

"Usilichemshe tui," alisema. "Likichemka linakatika. Unasikia? Nimesema *tui*. Ujue nimesema nini, maana wewe."

Wanawake wa uani walicheka kwa zamu. Mtoto alikunywa kikombe, akakinyoosha apewe kingine. Sikuwa nimewahi kuona hivyo. Nilitazama pembeni.

Kuanzia siku ile bibi hakumtoa nje tena. Saa nne, wenzake wakipewa andazi, alimpa wangu kitumbua cha mchele alichokipika kwake mwenyewe. Baada ya siku saba kuharisha kulipungua hadi mara mbili kwa siku. Baada ya kumi, mara moja, tena choo cha kawaida. Kwa mtu ambaye hajawahi kulea mtoto wa namna ile, hili si jambo la kuandika. Mimi niliandika.

Lakini kuna jambo ambalo sikuliandika. Jumamosi ya wiki ya nne, siku tatu baada ya kuyaona maandazi, mke wangu alifika, akamshika mtoto, akahisi mifupa, akaniuliza, "Una hakika bibi ulimweleza?" Ningeweza kumwambia. Badala yake nilisema, "Nilimweleza." Ulikuwa ukweli. Nilijua akisikia yote atamchukua mtoto siku ile ile, tena kwa haki. Katika daftari kurasa za wiki nne zile zilikuwa na maneno yale yale ya kila jioni: hakula ngano. Nilikuwa nimeyaandika kwa kuamini, na sasa sikuyafuta.

Siku ya kupimwa tulikwenda wote watatu. Muuguzi alimning'iniza mtoto kwenye mizani ya kamba. Mshale ukacheza, ukasimama. Akasoma, akatazama kadi, akasoma tena.

"Sawasawa na siku ya kwanza," alisema.

Daktari alipokea kadi. Aliisoma, kisha akavuta karatasi nyeupe.

"Basi si ngano," alisema. "Nimekosea. Wiki sita bila ngano, uzito ni ule ule."

"Lakini siku hizi haharishi," mke wangu alisema.

"Tangu lini?"

"Yapata wiki moja."

"Na wiki nne za kwanza?"

"Aliharisha sana."

"Bila ngano?"

"Bila ngano," mke wangu alijibu. "Baba yake ameandika kila kitu. Muonyeshe."

Nikampa daftari. Daktari alifungua kurasa, akasoma taratibu, kidole chini ya kila mstari: hakula ngano, hakula ngano, hakula ngano. Akatikisa kichwa. Alisema kuharisha kunaweza kusimama kwa sababu nyingine, halafu kukarudi. Alisema hakuna haja ya kumnyima mtoto mkate. Arudi kula kama wengine apate nguvu ya safari, maana Dar es Salaam watataka awe na nguvu kabla ya kumpasua. Akaanza kuandika barua. Alianza na tarehe. Aliandika polepole hata kwa lugha yake.

Mke wangu alikuwa amemshika mtoto magotini, akimfunga vifungo vya sweta. Nilijua kwamba barua ile ikiisha, itakuwa imeandikwa na mimi.

"Alikula," nikasema.

Daktari hakuinua kichwa. "Alikula nini?"

"Ngano. Maandazi mawili kila siku ya shule, wiki nne. Aliacha siku kumi na sita zilizopita. Hayo niliyoandika si kweli. Nilipoyaandika sikujua. Baadaye nilijua, nikayaacha."

Mikono ya mke wangu ilisimama kwenye kifungo cha mwisho.

Ilibidi nieleze lile neno. Daktari alinifanya nilirudie. "Ngano ni hadithi?" aliuliza, kisha akamgeukia muuguzi, mtu wa pwani, naye akaitika kwamba ndiyo, kwa wazee ni hadithi pia. Daktari alifumba macho kidogo. Nadhani alikuwa akikikumbuka kile kitabu kilichomfundisha Kiswahili. Akachukua kalamu nyingine, akapiga hesabu pembeni mwa kadi: kama mtoto alipungua kwa wiki nne, na leo yuko alipoanza, basi alichopungua amekirudisha kwa siku kumi na sita. Akaichana barua vipande viwili.

"Siahidi kitu," alisema. "Wiki sita nyingine. Za kweli."

Nje ya hospitali mke wangu alitembea mbele yangu, mtoto mgongoni. Tulipofika kwenye njia panda ya Chuno akanigeukia.

"Jumatatu nakwenda naye."

"Sawa."

"Sikuombi ruhusa."

"Najua."

Akatembea tena. Kisha akasimama. "Mawili?"

"Mawili. Wenzake walipewa moja."

"Na alitolewa nje. Kwa sababu ya sungura na fisi."

"Ndiyo."

Alianza kucheka, akaziba mdomo kwa kanga, akaendelea kucheka mpaka mabega yakamtetemeka na mtoto mgongoni akauliza kuna nini. Nilipomkaribia niliona hakuwa akicheka tena. Sikumgusa. Tulisimama pale kando ya barabara mpaka alipomaliza, akajifuta, akanipa mtoto nimbebe mimi.

Jumatatu lori liliondoka nao alfajiri, wamekaa mbele kwa dereva. Ndani ya kikapu kulikuwa na mtama uliokobolewa, chenga, na nazi tatu alizoleta bibi mwenyewe. Bibi alimweleza mke wangu mapishi yote kwa urefu, akamtaka ayarudie, akamsahihisha, akamtaka ayarudie tena. Mimi nilibaki na nyumba na kinu cha watu wa Naliendele, ambacho ilibidi nikirudishe.

Wiki sita ziliisha mwezi wa nane, baridi ikiwa imeanza kulegea. Walikuja kwa lori la korosho, mtoto vumbi tupu hadi kwenye nyusi. Hospitalini muuguzi alimning'iniza kwenye mizani, daktari akatoka chumbani kwake kuja kutazama. Mshale ulipita alama ya mwanzo, ukaenda mbele, ukarudi, ukaenda tena. Binti yetu alikuwa amegundua kwamba akipiga mateke ile kamba inabembea.

"Tulia nikusome," muuguzi alimwambia.

"Sitaki," alisema, akapiga teke jingine.

Tukasimama wote wanne, tunasubiri mshale utulie.